Waliotazama

Nilianza kwa kufumua.
Sweta la mtumba, soko la Memoria, buku mbili,
rangi ya majani ya mgomba yaliyochoka,
kwapani pametoboka.
Nikatafuta ncha ya uzi
kama mtu anayetafuta mwanzo wa ugomvi,
nikavuta,
na sweta zima likaniambia yote.

Sindano ni spoku nne za baiskeli.
Fundi Kirenga alinisugulia ncha kwa msasa bila kuuliza.
Angeuliza, ningesema ni za mishikaki.

Nalinda ghala la saruji nyuma ya stesheni, zamu ya usiku.
Julai hii baridi inashuka mlimani,
inapita getini, haisaini daftari la wageni,
inaingia moja kwa moja kwenye buti.

Bando la usiku linafunguka saa sita.
Nikaandika: namna ya kufuma soksi.
Simu ikanimwagia dunia.

Wa kwanza alifuma kama anayekimbia deni.
Wa pili alimsifu paka wake dakika tisa,
kisha akanionyesha duka.
Mwingine alisema "ni rahisi sana" mara kumi na moja,
nilihesabu,
na kila aliposema nilizidi kuwa mjinga.
Nikaona soksi zenye twiga. Nikaona soksi za mbwa.
MB zikayeyuka kama samli.

Siku ya tano, saa nane na robo,
nikampata Mama wa Njombe.
Sura haipo. Ni mikono tu juu ya kanga iliyopauka,
pete imezama kwenye kidole, haitatoka tena.
Jogoo anawika kwa wakati usio wake.
Hana muziki, hauzi kitu.
Anasema: "Hesabu vitanzi. Ukipoteza hesabu, hesabu tena.
Ukikosea, fumua. Uzi haununi."

Waliotazama: arobaini na mmoja.

Shida ni kisigino.
Pale hasa anapofika kisigino, mvua inashuka Njombe,
inapiga bati lake, na maneno yote yanazama.
Midomo siioni. Naona vidole
vinakwenda, vinafika karibu na mwisho wa mstari,
vinageuka kabla ya kumaliza,
kama mtu aliyesahau funguo nyumbani.
Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Wiki nzima niliishi ndani ya dakika ile moja,
Moshi kukavu, sikio limelowa.

Lekule aliamka akanikuta.
"Anaeli, unamsuka nani?"
Nikamwambia nyamaza, nipo kitanzi cha kumi na nne.
Kesho yake alisogeza kiti.
Keshokutwa akashika tochi.

Soksi ya kwanza ingemtosha mbuzi.
Ya pili ilirefuka tu, haikujua kona;
nimeivisha rungu langu.
Ya tatu na mwenzake,
sisemi.
Nilizivaa, nikafunga buti,
nikazunguka ghala mara mbili zaidi ya zamu inavyotaka.

Waliotazama: sabini na watatu.
Thelathini na wawili kati yao ni mimi.

Jumapili bando likaisha, mshahara bado.
Nikafuma kwa kuikumbuka mvua.
Jumatano nikapata mia tano ya mtu,
nikafungua, si kwa kujifunza, kumsalimia tu.

Sabini na sita.

Nikahesabu kama ninavyohesabu vitanzi,
mara ya pili, mara ya tatu.
Siku zile mimi sikuwepo.
Lekule ana kitochi, hakijui intaneti.

Basi kuna mtu.
Sijui ni wapi, lakini yuko macho saa hizi,
uzi umemlalia mapajani,
amefika penye mvua,
anarudisha nyuma.