Nne-Sita, Sita-Nne

Bibi alidhani ni hesabu za kushindwa.
Daftari la shule, jalada la kijani,
na ndani, kwa penseli ya seremala,
babu Vagharsh ameandika dadu:
sita-moja, nne-sita, sita-nne, nne-nne.
Kurasa arobaini na tatu.
Baridi mbili ndani ya kontena la bati, Gyumri,
baada ya ardhi kutikisika,
na muda wote huo hakutamka neno,
hata la kuomba chumvi.
Jioni Smbat, jirani, alikuja na ubao wa nardi.
Mmoja akisema, mmoja akirusha.

Nimelirithi pamoja na saa isiyotembea.

Nilianza vibaya. Nilizipanga jozi kama soksi:
tatu-tano na tano-tatu nikazitia droo moja.
Nikapata aina ishirini na moja.
Ishirini na moja, kwa lugha yetu,
haifiki hata kwenye kiwiko.
Nikalala na hasira.

Kilichonitia shaka ni moja-moja.
Ilirudi, ikarudi, mara mbili tatu kila mstari.
Nafundisha hesabu; najua
hakuna mja mwenye bahati mbaya kiasi hicho.
Dadu haina kipenzi. Mkono ndio wenye kipenzi.
Basi hizi hazikurushwa.
Zilichaguliwa.

Halafu nne-sita: mara nyingi mno
nyuma yake ilikuja sita-nne,
kama mtu aliyesahau kitu ndani akarudi.
Nikafungua kisanduku.
Dadu moja ya mfupa, ya manjano kama jino la mvutaji.
Nyingine nyeusi, ya Smbat.
Mfupa kwanza, nyeusi baadaye!
Sita mara sita:
thelathini na sita, herufi zetu za kale,
zile tulizokaririshwa kabla ya kujua kufunga viatu.
Nikachora mraba nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Ayb, ya kwanza, ikakaa kwenye moja-moja,
na sauti ya u, ambayo kwetu huandikwa kwa herufi mbili,
ikajitokeza yenyewe: nne-sita, sita-nne.

Sita-moja, nne-sita, sita-nne, nne-nne.
Tun.
Nyumba.

Chai ikapoa, nikapika nyingine, nayo ikapoa.
Tatu-nne, moja-moja, sita-tatu: mkate.
Nne-nne, nne-sita, sita-nne, tano-nne: komamanga,
lile lililokaukia juu ya kabati.
Kumbe alikuwa akiijenga upya,
bila tofali, bila kumwamsha mtu.
Kitasa kilicholegea, nilisema nitakikaza Jumamosi.
Ngazi ya tatu inayolia.
Smbat anahesabu vibaya makusudi, namwacha.
Kiatu cha Nvard, kimoja.
(Nvard ni shangazi ambaye sikumkuta.)
Hapo nilitoka nje kidogo.

Zilibaki kurasa tisa, na hizo zilinigomea.
Nikaupindua mraba, nikausoma kinyumenyume,
nikaanza na nyeusi, nikaruka moja moja.
Herufi zikatoka kama mchele uliomwagika.
Wiki tatu za kitendawili na tega,
mpaka nikashindwa, nikampa mji:
chukua Gyumri, babu, nipe jibu.
Hakuutaka. Alikwisha kuupoteza mara moja.

Usiku mmoja, kwa uchovu tu, nikahesabu.
Marusho mia nne.
Moja-moja: kumi na moja.
Tano-mbili: kumi na mbili. Sita-sita: kumi.
Kila jozi na fungu lake, hakuna iliyopendelewa.

Hapakuwa na neno lolote pale.
Alikuwa anacheza.

Na kwenye pambizo ya ukurasa wa mwisho,
kwa wino, kwa herufi za kawaida,
kwa mwandiko mbaya wa Smbat:
leo Vagharsh kanitukana. Kwa sauti.