Dole Gumba

Faili imetoka Covilhã usiku, imefika Porto haina kipimo.
Naifungua: gurudumu la meno, upana milimita nane,
dogo kama kifungo cha shati la mtoto.
Wavu haujui inchi wala milimita,
umekariri nambari tu, kasuku asiyejua bei.
Nazidisha kwa ishirini na tano nukta nne
na gurudumu linavimba, linajaa kioo,
linakuwa chuma nilichokisikia kwenye simu.

Pembetatu laki nne na elfu kumi na mbili.
Nabonyeza: geuza liwe umbo gumu.
Kiduara kinazunguka.
Nakwenda kuchemsha kahawa, narudi, kinazunguka.
Navua viatu.
Programu inazimika bila kuaga.

Hii ni ngozi, nyama haimo.
Ukiikata katikati hukuti chuma, unakuta hewa
na ukingo usiofikia hata unene wa karatasi.
Na ngozi yenyewe ina matobo,
pale mwanga wa skana ulipoteleza kwenye grisi.
Pembetatu nyingine zimevaa ndani-nje,
migongo yao myekundu yanitazama.
Naziba tobo hapa, jirani yake linafunguka.

Basi nauacha wavu uwe wavu.
Naufifisha, ukungu wa kijivu,
na juu yake naanza kuchora upya:
mhimili, duara, duara jingine, jino moja tu,
nalo nalizungusha mara arobaini na tisa.

Hapo ndipo ubishi.
Hesabu inataka mia mbili na nne.
Wavu unasema mia mbili na tatu, nukta nne,
wala hauoni haya.
Nukta sita zimekwenda wapi?
Zimeliwa. Zimeingia kwenye mafuta, kwenye vumbi la sufu,
labda kwenye blanketi la mtu aliyelala Guarda
na theluji mlangoni.
Nilichore lilivyozaliwa, au lilivyochakaa?
Nampigia Adérito, mwendesha mtambo.
Nyuma yake kiwanda kimenyamaza.
"Chora jipya, Benilde," anasema.
"Uzee litautafuta lenyewe."

Lakini ukingoni, baada ya jino la kumi na moja,
kuna uvimbe.
Nilidhani kutu, au tone la kulehemu.
Nasogea karibu. Una mikunjo.
Una kifundo.

Mtu alilishika gurudumu lisibingirike
na skana, isiyobagua, ikamhesabu kuwa chuma.
Dole gumba. Linaishia kabla ya ukucha,
butu, kovu limekunjwa kama mdomo wa gunia
lililoshonwa kwa haraka, usiku wa zamu.

Sikumwuliza ni la nani.
Alikuwa amekwisha kuniambia, wiki ile ya kwanza,
kwamba vifungo vya shati humfunga mkewe,
nami nikacheka, nikidhani ni mapenzi.

Nazungushia uzi wa kuteulia, pembetatu elfu tatu na ushei.
Zinawaka rangi ya chungwa.
Kidole changu kizima, chenye rangi ya kucha iliyobanduka,
kiko juu ya kitufe cha kufuta.
Kinakaa hapo.

Wiki ya tatu gurudumu jipya lilipanda basi la Covilhã
likiwa limefungwa kwenye gazeti.
Adérito akanitumia sauti, sekunde arobaini:
mtambo unafuma, na ndani yake mlio mwembamba.
"Linalia kidogo," alisema. "Meno mapya. Litazoea."

Nimebaki na faili ndogo isiyo na kazi,
haimo kwenye ankara wala kwenye mchoro.
Juzi niliifungua.
Ilikuja bila kipimo, kama wenzake,
punje ya mchele katikati ya kioo cheupe,
na ilinibidi nizidishe tena
ndipo iwe ya mtu.