Kikohozi cha Kaljo

Mbweha wetu alikuwa na miguu sitini na mitatu,
yote ya karatasi, yote ndani ya kopo la biskuti,
na kazi yangu majira yale ya baridi, mjini Valga,
ilikuwa kumpa Eevi mguu unaofuata.
Picha kumi na mbili ni sekunde moja ya filamu.
Kuna siku zilikwenda asubuhi hadi usiku
na mbweha hajamaliza kugeuza shingo.

Sauti tuliiazima kwa Kaljo,
aliyetangaza treni miaka thelathini na minne:
Elva, Palupera, Sangaste,
milango ya kushoto, tahadhari na ngazi.
Shairi la Eevi alilisoma vilevile,
kana kwamba kila mshororo una abiria wa kushuka.

     Mbweha avuka theluji,
     taa mdomoni, mji
     umelala kama maji
     chini ya barafu nene.

“Polepole,” Eevi akamwambia. “Leo hakuna anayechelewa.”
Akavua kofia. Akameza chai iliyokwisha kupoa.

     Reli imeshika kutu,
     stesheni hakuna mtu,
     mwanga hautaki kitu

hapo kikohozi kikamkaba,
kirefu, cha kifuani, cha mtu aliyesimama
miaka yote hiyo penye upepo wa jukwaa.
Kisha, kwa sauti ambayo hakuna treni iliyowahi kuisikia:

     ila mtu auone.

Aliomba turudie. Eevi akakataa.
Kesho yake akaja na chupa ya matango ya siki, hongo hiyo.
Eevi aliyala matango, akakataa tena.

Alikipima kikohozi: sekunde nne na robo.
Picha hamsini na moja.
Siku tisa tuliinamia kioo
ili mbweha aweke taa chini,
mabega yamtikisike, theluji imdondoke manyoyani,
ageuke
kutazama kama kuna aliyemsikia,
halafu aiokote taa yake, aende zake.
Miguu ilinata kwenye vidole vyangu. Mmoja niliumeza,
nadhani, pamoja na mkate.

Machi tuliionyesha kwenye ukumbi wa abiria,
shuka ukutani, viti vya kuazima shuleni.
Dakika sita tu. Watoto walicheka penye kikohozi,
mmoja akakohoa naye, mama yake akamfinya.
Kaljo alikaa nyuma kabisa, karibu na jiko,
kofia magotini. Hakucheka.
Niliona mabega yake yakipanda,
pumzi ameishika,
anamsubiri mbweha amalize.

Taa zilipowashwa alinipita mlangoni.
“Yule mnyama,” akasema, “mapafu yake si mazima.”
Sikuwa na la kujibu. Nikafungua kopo,
nikampa mguu mmoja, wa nyuma, wa kushoto.
Akaugeuzageuza kama tiketi,
akautia ndani ya kofia,
akaivaa.