Ibara ya Nne

Programu yenyewe ndogo, mistari mia tisa,
kazi yake kupanga herufi zenye nukta vichwani,
zisigongane kwenye karatasi.
Aliiandika Kaljo Rebane, mwalimu wa hesabu mjini Võru,
mwaka ule theluji iliposhika milango hadi Aprili.
Akaitoa bure. Nakili, alisema, badili, gawa.
Ila ibara ya nne:
Ukiitumia, sharti uniletee kadi ya posta.

Sharti.
Miezi minane tumelumbana Tartu juu ya neno hilo,
kahawa ikipoa, mfumo mpya ukisubiri kutolewa.
Annika akagonga meza: Uhuru wenye sharti
ni mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu.
Je, aliye kisiwani, asiye na posta wala stempu,
tumwite mwizi kwa kuchapa jina lake?
Na aliyejificha? Muhuri wa posta utamchongea.
Indrek akasema, Ni adabu tu. Umekula, husemi asante?
Asante inayodaiwa, akajibu Annika, ni kodi.

Mimi, mwenye ufunguo wa kutia sahihi, nilinyamaza.
Shule ya mama huchapa mitihani kwa programu hiyo.

Kumwomba Kaljo abadili haiwezekani,
mwaka wa tatu yuko chini ya misonobari.
Haki zimemwangukia mjane.

Helve alinifungulia akiwa na soksi za sufu.
Nikaeleza leseni, urithi, vifurushi;
akanisikiliza kama unavyomsikiliza fundi bomba.
Kisha akaleta boksi la viatu.
Kadi mia nne na kumi na mbili.
Osaka. Recife. Tembo wa bustani ya wanyama ya Riga.
Moja haina neno, ila õ kubwa
iliyochorwa kwa kalamu ya risasi, taratibu.

Mnataka ziache kuja, akasema.
Tunataka zisilazimishwe.

Supu ya kabichi ikafurika, hakuinuka.
Akakata neno lile kwa mstari mmoja,
juu yake akaandika: ukipenda.
Sahihi. Tarehe.

Usiku, saa tano na dakika saba, nikakipitisha kifurushi.
Annika akaniandikia: Hatimaye.

Asubuhi hii niko kwenye kibanda cha kituo cha basi,
sheria hainidai chochote,
nimeshika kadi yenye picha ya daraja,
stempu nimeshailipia,
na sijui nianze vipi.