Maiti, Mbili

Kilo sabini na mbili za mchanga wa Kaiso
zimeshonewa ndani ya ovaroli kuukuu,
mikono ya turubai, kichwa cha matambara.
Tulipotafuta empaako ya kumpa, Kusiima akadakia: Okaali!
Mwalimu Kabagenyi akamkata jicho.
"Hilo ni la mfalme. Mfalme hasafishi matangi."
Basi tukamwita Araali,
na tangu Jumatatu hiyo Araali hufa kila siku
saa tatu asubuhi, kabla ya chai.

Uwanja wetu uko nje ya Hoima, njia ya Kigorobya:
tangi moja lililostaafu, limelazwa juu ya matofali,
tundu lake mgongoni, upana wa mabega ya mtu mwembamba.

Siku ya kwanza Drateru, binti wa Arua, alipiga ukelele:
"Mtu ndani! Ameanguka!"
Sikuuliza. Mama hakunilea niulize maswali mtu akifa.
Nikapanda ngazi, nikatumbukiza miguu, nikamfikia,
nikamkumbatia kwapani, nikaanza kuvuta,
nikasikia filimbi.

Mwalimu aliandika ubaoni kwa chaki: Maiti, 2.

"Atwooki," akasema, sauti ikitua juu yangu kutoka tunduni,
"lala hapo hapo kando yake.
Na usijitetee. Wafu hawajitetei."
Nikalala tumboni mwa chuma dakika arobaini,
bega kwa bega na gunia,
nikisikiliza buti za wenzangu zikibishana juu
nani kati yetu atolewe kwanza.
Wakamchagua Araali.

Kisha wiki tatu za mikono.
Kipima hewa kwanza, kishuke kwa uzi,
juu, katikati, chini kabisa,
kwa maana hewa mbaya haibishi hodi.
Miguu mitatu ya chuma, imara kama mafiga.
Mkanda mapajani, ndoano mgongoni,
fundo la nane ukiwa umefungwa macho kwa leso,
halafu fundo la nane mvua ikikumiminikia kisogoni,
halafu tena, mpaka vidole vikajua
jambo ambalo kichwa kilikuwa bado kinalibishia.
Na mtu mmoja nje, asiyebanduka:
simu ikilia, haondoki; mkojo ukimbana, haondoki.
"Huyo wa nje," Mwalimu alisema, "ndiye kazi yenyewe.
Wa ndani amekwenda matembezi tu."
Tulicheka. Yeye hakucheka.

Cheti nilikitia ndani ya Biblia ya mama, nikaenda Buhimba kusalimia.
Jumamosi, jirani yetu Bagada alishuka kisimani
kuangalia pampu ya petroli iliyokuwa ikinguruma humo tangu alfajiri.
Pampu ikazima. Yeye naye akanyamaza.

Nilipofika, Mugume, mwanawe, mguu mmoja ulikuwa tayari shimoni.
Nilimkamata mshipi.
"Baba yangu yuko chini!"
Najua.
"Niachie, baba yangu!"
Najua, Mugume, najua,
na nikamlalia kwa uzito wangu wote,
kilo sabini na mbili, nilipimwa chuoni,
akaning'ata mkono hadi damu, watu wakinitukana,
mama mmoja akasema mzungu wa Hoima huyu, hana moyo.
Kwa mdomo uliojaa vumbi nikawa naagiza:
matawi, pepeeni! Kamba ndefu! Chuma chochote, kikunjeni ncha!
Hakuna kushuka. Hakuna.

Ndoano ilikamata ukosi wa koti baada ya nusu saa.

Usiku ule nilikaa barazani, sikuwa na chaki.
Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi: Maiti, 1.
Nikaitazama ile moja mpaka kuku wakaikanyaga asubuhi.

Mugume hanijibu salamu hadi leo. Ni haki yake.
Lakini jioni hupita uani kwetu akipiga mluzi,
mrefu, wa kifua kizima,
nami huacha ninachofanya,
nikausikiliza hadi unapoishia migombani.