Majani Mawili

Fungu ni majani thelathini.
Ndivyo ilivyosema karatasi iliyobandikwa
mlangoni mwa ofisi ya shamba, Ngomeni,
kabla mchwa hawajaila.
Mnyapara Semkiwa alitaka thelathini na mawili.
"Mawili tu, yatakupunguzia nini?"

Nilikuwa na mwiba kiganjani tangu Jumatatu.
Sikujibu.

Ntahondi ndiye aliyepiga hesabu,
kwa mkaa, ukutani mwa kambi namba nne:
mawili kwa fungu, mafungu mia na kumi kwa kutwa,
watu sitini na tatu.
Elfu kumi na tatu, mia nane na sitini.
Kila siku.
Tukautazama ukuta
kama watu wanaosoma majina ya marehemu wao.

Kadi za chama ziliingia ndani ya ndoo,
chini ya dagaa. Yangu inanuka mpaka leo.
Asiyejua kuandika alichovya gumba.
Bi Zaituni wa brashi, vumbi la singa kifuani,
akakohoa weee, kisha:
"Anza na langu. Pafu nimeshawapa."

Meneja akamwita Ntahondi. Akampa kiti,
chai ya maziwa, na cheo cha Semkiwa.

Chai aliinywa.

Kesho yake sote tulifunga thelathini.
Semkiwa akahesabu fungu langu, akarudia,
mara ya tatu midomo ikamcheza,
nami nikakumbuka naye alikuwa mkataji,
kwamba jicho lake la kushoto
lilibaki kwenye ncha ya mkonge huu huu.

Nikamwambia, polepole:
"Kadi zimebaki."