Sponji ya Njano

Juni hapa Mafiati maji ya bomba yana meno.
Ndiyo maana Gwamaka hakuosha.
Nilimkuta asubuhi, sponji zote sita ndani ya ndoo,
dawa ya jana imezikamata, ngumu kama maandazi ya juzi,
naye kasimama, mikono kwapani,
anautazama mlima Loleza kana kwamba ndio ulioziacha humo.

Sikumfokea. Nilimtajia bei.
Hii ya njano, nikasema, ni madebe mawili ya viazi.
Imevuka Tunduma chini ya kiti cha Asajile,
na Asajile hata kwa shemeji yake hapunguzi mia.

Kisha nikawasha mashine, mwendo wa chini kabisa,
nikaegemeza mswaki mkavu kwenye uso wa sponji inayozunguka.
Unga mweupe ukaruka, ukatua kwenye nyusi zake,
akazeeka ghafla, tukacheka.

Sikiliza basi, nikamwambia, maana sitarudia
(nitarudia; narudia tangu Pasaka).
Dawa ni matone manne, si mchuzi.
Sponji iliyolewa haikati mikwaruzo, inateleza tu
na kurusha madoa mpaka kwenye sufuria za mama ntilie.
Usiikandamize. Husongi ugali hapo.
Ukiegemea, joto linapanda katikati,
gundi inalegea, velkro inabaki na mashine
na sponji yenyewe imekwenda zake chini ya Noah ya watu.
Ukimaliza mlango, simama. Piga mswaki. Badilisha.
Ile ipumzike, hii ishike;
hata ng'ombe wa plau hupokezana.
Na pembe za bodi, na kibati cha namba, na shingo ya waipa,
huko ndiko zinakochanika.
Pita mbali, kama mkamwana anavyompisha baba mkwe njiani.

"Na jioni?" akauliza, na anajua.

Jioni ni maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande,
kidole gumba kinasukuma toka katikati kwenda nje,
unakamua kwa kiganja, husokoti.
Sponji si kanga.
Unaianika uso chini, kivulini, penye upepo.
Si juu ya jiko la mkaa. Najua umefikiria jiko.

Hakujibu. Alikuwa amefikiria jiko.

Nne tuliziokoa. Mbili zilimeguka vidoleni.
Ya njano ilitoka hai, imekonda kidogo,
na mchana huohuo ikapiga boneti la mwalimu Tumwitike,
Corolla nyeusi iliyochorwachorwa na matawi ya mibuni kule Mbozi,
mpaka mawingu ya Loleza yakashuka yakaingia ndani ya rangi
na mwalimu akainama kurekebisha kilemba chake humo.
Akalipa nusu.
Nusu nyingine, mshahara ukitoka.

Sasa ni Agosti, vumbi tupu.
Ya njano imebaki unene wa chapati.
Gwamaka ameiandika namba moja mgongoni kwa kalamu ya wino
na hataki mtu aishike, hata mimi niliyeinunua.
Siku hizi ni ya taa tu, zile taa za bajaji
zilizoota ukungu kama macho ya mbuzi mzee.

Jana nilichelewa kufunga.
Nikamwona amechutama bombani, baridi imeshaanza kuuma,
ameomba maji ya moto kwa mama ntilie, ameyazimua ndani ya kopo la rangi,
anasukuma kwa gumba, katikati kwenda nje,
katikati kwenda nje,
midomo inamchezacheza.
Nilidhani ni sala. Nikasogea.
Ilikuwa hesabu:
viazi madebe mawili,
na Asajile hapunguzi.